Uislamu, Washirazi na Waswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dini na historia ya mwambao

Maswali haya huletwa zaidi na wanafunzi, na pia na watu wazima waliobishana harusini au barazani kuhusu nani katoka wapi. Majibu yanafuata yale yaliyoandikwa na wanahistoria na wanaakiolojia. Wanapopingana nimesema wanapingana, na ninapoegemea upande mmoja sijaficha.

Uislamu ulifika lini mwambao wa Afrika Mashariki?

Mapema kuliko wengi tulivyofundishwa shuleni. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe. Chini ya msikiti huo wakakuta mwingine, na chini yake mwingine tena, hadi wakafikia matundu ya nguzo za miti. Hapo palikuwa na kijumba kidogo kilichoelekezwa kibla, ingawa kwa kukosea kidogo. Wachimbaji wanakiweka mwishoni mwa karne ya 8, yaani hata miaka 200 haijatimia tangu Hijra.

Jambo la kutazama ni jirani za kijumba hicho. Waliokizunguka walipikia vyungu vyenye nakshi za pembetatu, vyungu vilevile vinavyochimbuliwa pwani yote na sehemu nyingi za bara. Wachache wao walisali, wengi bado hawakuwa Waislamu, na wote walikuwa wakazi wa kijiji kimoja. Kila msikiti ulipochakaa ukajengwa mkubwa zaidi palepale, ishara kwamba jamaa ya wasalio ilikuwa inaongezeka.

Mwaka 916 al-Mas'udi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, alisafiri hadi kisiwa alichokiita Kanbalu, akakuta Waislamu wanaosema lugha ya Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa mwambao. Wataalamu wengi wanakitafuta kisiwa hicho Pemba.

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ndio wa kwanza?

Si wa kwanza, lakini una kitu ambacho Shanga haina: tarehe iliyoandikwa. Ukutani kwenye mihirabu kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Jengo lenyewe lilifanyiwa ukarabati mkubwa katika karne ya 18, kwa hiyo usidhani kila jiwe unaloliona ni la zamani hizo. Msikiti bado unasaliwa.

Hadithi ya Washirazi wa majahazi saba ni ya kweli?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na pana mengi ya kusema.

Hadithi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili kuu za maandishi. Moja ni nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London. Nyingine imo katika kazi ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa 1552. Katika ile ya Kiarabu, sultani wa Shiraz, mji wa Uajemi, anaota panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji. Anafahamu kwamba nchi itaharibika, basi anaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba. Kila jahazi linatia nanga mahali pake: Mombasa, Pemba, Kilwa, hadi Nzwani huko Komoro. Kwa Mreno hakuna panya wala majahazi saba. Kuna kijana mmoja, Ali, ambaye mama yake ni mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake wanamdharau kwa sababu ya mama, naye anaondoka kupitia Hormuz kwenda kutafuta pake. Huwezi kuzishika zote mbili neno kwa neno.

Sasa isome ile ya Kiarabu taratibu. Wageni waliposhuka Kilwa walimkuta mtu akifuatwa na watoto wake, na mtu huyo alikuwa Mwislamu. Anatajwa kwa jina la Muriri wa Bari. Palikuwa na msikiti pia, uitwao Kibala. Mwenye kisiwa, asiyekuwa Mwislamu, alikuwa amekwenda bara kuwinda. Aliporudi, Muriri ndiye aliyekuwa mkalimani wa biashara yao: kisiwa kiliuzwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mfalme alipovuka bara akiwa na nia ya kurudi na jeshi, wageni wakachimba mkondo uliokuwa ukikauka maji yanapokupwa, asiweze tena kuvuka kwa miguu.

Kwa hiyo kitabu kinachotumiwa kuthibitisha kwamba Uislamu uliletwa na Washirazi kinasema chenyewe kwamba walimkuta Mwislamu na msikiti wake. Nashangaa jinsi wasimulizi wengi wanavyoiruka sentensi hiyo.

Je, Ali mwenyewe aliishi? Uwezekano ni mkubwa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iligunduliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za kigeni zinazoonyesha kwamba hazina hiyo ilifukiwa baada ya 1066. Kabla ya hapo Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alikuwa ameuweka utawala wa Washirazi wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 12. Mtambwe imeusogeza nyuma zaidi ya miaka 100. Lakini sarafu zinampa mtawala jina na maneno ya kumtegemea Mola. Hazituambii alitoka Shiraz.

Msimamo wa wataalamu wengi leo ni huu. Wafanyabiashara wa Ghuba ya Uajemi walifika, wakaoa, wengine wakabaki. Hadithi ya nasaba ya Shiraz, hata hivyo, ilikuzwa na koo za wenyeji zilizotaka kusema mambo mawili kwa pamoja: sisi ni Waislamu wa asili, na mji huu ni wetu kabla ya Waarabu waliokuja juzi. Ndiyo maana Ushirazi ulipata nguvu mpya kila walipoingia wageni wenye madaraka.

Mbona basi kulikuwa na chama cha Afro-Shirazi?

Kwa sababu hiyohiyo. Unguja na Pemba chini ya ukoloni, kabila uliloandikishwa lilikuwa na uzito katika haki zako na heshima yako. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua sana, na wengi wakahamia majina mengine, Ushirazi ukiwamo. Hawakuhama visiwa, walibadili jibu. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi zikaungana kuunda Afro-Shirazi Party, ingawa Washirazi wengi, hasa wa Pemba, walibaki upande mwingine wa siasa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuja juu ya mgawanyiko uliokwisha kupikwa kwa miaka mingi katika madaftari ya sensa na magazeti ya vyama.

Uchunguzi wa vinasaba wa 2023 umeumaliza ubishi?

Umeongeza maarifa, na ubishi umebaki. Utafiti ulitolewa Machi 2023 katika jarida la Nature na jopo lililowahusisha Esther Brielle, David Reich na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wakitoka kwenye makaburi ya miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, wa kati ya miaka 1250 na 1800 hivi.

Walichokikuta kwa kifupi: kwa wengi wa watu hao wa mwambao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na upande wa baba kwa sehemu kubwa ulitoka Asia, zaidi Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha India. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Kiarabu inaonekana zaidi.

Siku ya pili mitandaoni kila mtu alikuwa ameshinda. Aliyeamini Ushirazi alisema babu zake wamethibitishwa. Aliyeamini Uafrika alionyesha akina mama. Ila kuna maswali ya kuuliza kabla ya kushangilia. Nani huzikwa kando ya msikiti wa Ijumaa, kwenye kaburi la mawe? Wenye mali na nasaba. Wavuvi, wakulima wa mashamba ya nje na watumwa hawakuzikwa hapo, na hao ndio waliokuwa wengi. Na mchanganyiko ukianza mwaka 1000, msikiti wa kwanza wa Shanga unakuwa umeutangulia kwa miaka 200. Mji, lugha, vyungu na swala vilikuwapo kabla ya ndoa hizo.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa sana magazetini: wanaume hao wa Uajemi waliingia katika nyumba za wake zao, na watoto wakakua wakisema Kiswahili. Kiajemi hakikushika. Watafiti wenyewe walihusisha hali hiyo na jamii ambamo mwanamke alikuwa na kauli juu ya nyumba na mali. Ukitaka kuona masalia yake, nenda Komoro, ambako hadi leo nyumba ni ya mke na mume ndiye anayehamia.

Kwa hiyo Waswahili ni Waafrika au Waarabu?

Lugha ni ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Hilo halina mjadala kwa wanaisimu. Wataalamu wa zamani kama Chittick na James Kirkman waliitazama miji hii kama makoloni ya wageni waliohamia Afrika. Tangu miaka ya 1980 mizani imegeuka, na wanaakiolojia wa hapahapa, Kusimba kwa upande wa Kenya na Felix Chami kwa Tanzania, wamesaidia kuigeuza. Binafsi naona swali la "ama hiki ama kile" lilitungwa na karani wa sensa, na tumelirithi bila kulihoji.

Kwa nini sisi ni wa madhehebu ya Shafi (Mashafi) ilhali watawala wa Oman walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi (Maibadhi)?

Ushafi ulitangulia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita mwaka 1331 alikuta Mombasa na Kilwa tayari ni Mashafi, na akawasifu watu wa Mombasa kwa dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa madhubuti. Mizizi yake ilikuwa kusini mwa Arabia, Yemen na Hadhramaut, walikotoka masharifu na wanazuoni kizazi baada ya kizazi.

Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, hakuwalazimisha watu kufuata madhehebu yake. Palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafi, kila mtu akaenda kwa wake. Baadhi ya Waomani wakageuka Mashafi, jambo lililowaudhi mashehe wa Kiibadhi.

Kwa nini dini haikuingia bara mapema, kama ilikuwa pwani miaka 1,000?

Kwa sababu watu wa pwani hawakuwa na haja ya kwenda. Bidhaa ziliteremka zenyewe kwa mikono ya watu wa bara, na dhahabu ilikuja kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji. Dini ilikuwa pia sehemu ya uungwana wa mji. Ukimpa kila mtu, uungwana unapungua bei.

Karne ya 19 ilibadili mambo. Misafara ya pembe na watumwa ilifungua vituo Tabora, Ujiji, Nyangwe na Kasongo, na Maniema ya Kongo ina Waislamu mpaka leo kwa sababu hiyo. Buganda Kabaka Mutesa alianza kufunga Ramadhani karibu 1867. Lakini katikati ya miaka ya 1870 vijana wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wa mfalme, mfalme mwenyewe akiwa hajatahiriwa, waliuawa. Wamefia dini kabla ya wale mashahidi wa Kikristo wanaojulikana zaidi.

Na wengi wa bara walisilimu katika enzi ya Wajerumani na Waingereza, mara nyingi kwa mikono ya masheikh wa twarika, yaani njia za Kisufi, kama Qadiriyya na Shadhiliyya, kuliko wakati wowote wa masultani.

Uislamu uliruhusu utumwa? Wataalamu wanasemaje?

Sharia iliutambua, ikaupangia masharti, ikahimiza kuacha huru, ikakataza kumfanya Mwislamu mtumwa. Masharti mengi yalivunjwa, na wanazuoni wa mwambao waliosimama hadharani kuupinga mfumo wenyewe ni wachache mno. Ni bora kulisema hilo waziwazi. Vilevile ni kosa kuueleza utumwa wa Unguja kwa dini pekee. Wanahistoria Frederick Cooper na Abdul Sheriff wameonyesha jinsi mashamba ya karafuu, mikopo ya mabaniani, soko la pembe la Ulaya na Marekani, na mahitaji ya mashamba ya Wafaransa visiwani Bahari ya Hindi vilivyoukuza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897, na Tanganyika ikasubiri hadi 1922 chini ya Waingereza wale wale waliojisifu kwa kuukomesha.

Kinachowavutia watafiti zaidi siku hizi ni watumwa wenyewe walivyoitumia dini. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa mtoto mdogo kutoka Kongo, akanunuliwa katika nyumba ya liwali. Alisoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa Qadiriyya, na alipofariki 1931 alikuwa mmoja wa masheikh wakubwa wa pwani ya Mrima. Waliokuwa na nasaba za kujivunia walikwenda kumbusu mkono.

Maulidi ya Lamu ni bidaa, yaani uzushi katika dini?

Fatwa muulize shehe wako. Mwanahistoria atakuambia tu yaliyotokea. Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Komoro, alihamia Lamu mwishoni mwa karne ya 19, akawasomesha watu ambao madrasa za mji hazikuwataka: watumwa, watoto wa watumwa, wahamiaji maskini. Maulidi yake, ya al-Habshi wa Hadhramaut, yalisomwa kwa dufu. Wakubwa wa mji walikasirika. Hoja iliyosemwa ilikuwa ngoma ndani ya ibada. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, aliyeishi Lamu akiichunguza, alionyesha kwamba chini ya hoja hiyo kulikuwa na swali la nani ana haki ya kukaa safu ya mbele. Msikiti wa Riyadha ukajengwa karibu 1900, na leo wajukuu wa wale waliopinga wanapokea wageni wa maulidi.

Upinzani wa pili ulitoka kwingine kabisa, kwa wanamageuzi wa dini kama Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani Takatifu iliyochapishwa 1969. Hao hawakutetea ukubwa wa mtu. Waliona Waislamu wameachwa nyuma kielimu, wakalaumu mila. Ukizichanganya hoja za makundi hayo mawili, hutaelewa mabishano ya leo.

Kulikuwa na Wakristo mwambao kabla ya wamishonari wa karne ya 19?

Walikuwapo, na kisa chao kikubwa ni cha Mombasa. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto baba yake, sultani, alipouawa 1614 kwa njama za kapteni Mreno. Alipelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Inasemekana alionekana akiomba dua kaburini kwa baba yake kwa desturi za Kiislamu, na kapteni akapanga kumshitaki Goa. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, ngome ya Wareno, akamuua kapteni, akarejea Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliotakiwa kusilimu wakakataa, waliuawa. Kanisa lilikusanya ushahidi wa walionusurika, na ushahidi huo ndio unaotupa habari nyingi za siku zile. Kwa hiyo tunayajua mambo yote kupitia upande mmoja. Yusuf hakuacha barua ya kujieleza. Alimaliza maisha yake baharini, akiwasumbua Wareno kwa meli aliyoiteka kwao.

Waislamu na Wakristo Tanzania ni asilimia ngapi?

Sensa ya mwisho ya Tanzania kuuliza dini ni ya 1967. Asilimia yoyote unayotumiwa leo ni makadirio ya taasisi fulani kwa sampuli fulani, na kila upande una takwimu unayoipenda. Kenya huuliza: sensa ya 2019 ilionyesha Waislamu karibu asilimia 11.

Mahakama za Kadhi Kenya zililetwa na katiba ya 2010?

Hapana. Zilikuwapo chini ya sultani wa Zanzibar, zikahifadhiwa Uingereza ilipokabidhiwa usimamizi wa ukanda wa pwani mwaka 1895, zikaingia katika katiba ya uhuru. Ibara ya 170 ya katiba ya sasa inaziendeleza, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Mtu asiye wa dini yangu anaweza kuandika historia ya dini yangu?

Anaweza, na anaweza pia kuiharibu, sawa na mwenye dini. Mtafiti hana chombo cha kupima wahyi. Anapima sarafu, kaburi, hati, kauli za wazee, kisha anauliza nani aliandika na kwa faida ya nani. Akivuka mpaka huo akaanza kusema Mungu alitaka nini, au kwamba hakuna Mungu, ameacha kazi yake. Mpime kwa ushahidi anaouleta.

Nikitaka kujionea mwenyewe, nianzie wapi?

Kama uko Kenya, anzia Gede karibu na Watamu, penye kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, na jengo la makumbusho. Tanzania, nenda Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981. Utavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko baada ya kulipa kibali ofisini. Tenga siku nzima, maana Husuni Kubwa iko mbali na msikiti mkuu na jua ni kali. Kizimkazi muone msimamizi wa msikiti kwanza, vua viatu, jisitiri, na usiende saa ya swala kama hukwenda kuswali.